Siku sita baada ya dirisha la usajili kufungwa: kisa cha klabu ya EPL iliyotumia makocha wanne msimu mmoja

Kabla ya yote

Majina ya klabu, makocha na wachezaji wake nimeyatoa makusudi. Mfuatiliaji wa EPL, yaani Ligi Kuu ya England, atawajua kabla hajamaliza sehemu inayofuata, poa tu, ila ukishataja jina la klabu watu wanaacha kuangalia maamuzi wanaanza kutaniana, mara hii timu yetu mara ile ya kina fulani, na uchambuzi unafia hapo hapo. Timu pinzani nimeziacha na majina yake, tarehe na matokeo pia.

Msimu ni 2022/23. Makocha ni wanne: Kocha A, Kocha B ambaye alikuwa wa muda, Kocha C na Kocha D. Yule aliyekuwepo kabla yao nitamwita Mzee.

Ilikotoka

Ni klabu kubwa ya kaskazini mwa Uingereza, mashabiki wake wana kelele hatari na wana kumbukumbu ndefu. Ilikaa nje ya EPL miaka 16, ikarudishwa na Mzee mwaka 2020, na msimu wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya 9 na pointi 59, watu wakaanza kuota Ulaya. Msimu wa pili majeruhi wakajaa, Mzee hakutaka kubadili mpira wake hata kidogo, Februari 2022 wakaruhusu magoli 20 ndani ya mechi tano, na tarehe 27 mwezi huo huo kibarua chake kikaota nyasi. Akaja Kocha A. Akapambana mpaka siku ya mwisho, akaenda kuifunga Brentford 2-1 kwao, wakabaki.

Mimi naona tatizo lilianzia hapo kwenye kubaki. Timu iliponea siku ya mwisho kabisa, ila uongozi ukachukulia kama ushahidi kwamba njia ni sahihi na kocha ni sahihi, kwa hiyo kilichobaki ni kumpa vifaa vyake. Kiangazi wakamuuza kiungo mkabaji wao kwenda Manchester City, na winga wao aliyefunga magoli 11 ya ligi akaenda Barcelona, kila mmoja kwa zaidi ya pauni milioni 40. Hela ikarudi sokoni kununua watu wa Kocha A, na nikisema watu wake namaanisha watu wake kweli, wengine aliwahi kuwafundisha Salzburg na Leipzig huko nyuma.

Mpira wake ulikuwa hivi: timu inakaba juu, wote wanabanana katikati ya uwanja, mpira ukinyang'anywa unapelekwa mbele moja kwa moja, hakuna kuzungusha zungusha. Mabawa hayapewi kazi kubwa. Ukienda vizuri unatisha, ila mpinzani akihamisha mpira haraka upande wa pili anakuta uwanja mtupu, beki wa pembeni yuko peke yake na watu wawili wanamjia.

Na huko juu mwenye hisa nyingi alikuwa mguu mmoja nje, wawekezaji wenye hisa chache wakiwa na haki ya kuja kununua zilizobaki. Kwa hiyo kila uamuzi mkubwa ulikuwa unapita kwa watu wenye hesabu mbili tofauti.

Mambo yalivyokwenda

Walianza vizuri tu. Wakaifunga Wolves, wakatoka sare na Southampton ugenini, halafu Agosti 21 wakaichapa Chelsea 3-0 kwa mpira ule ule wa kukabia juu, siku hiyo hata mimi nilisema huyu jamaa ana kitu. Baada ya hapo mechi nane za ligi bila ushindi, pointi mbili tu kati ya 24. Mashabiki wakaanza kumwimbia aondoke, wakafungwa na Fulham 3-2 nyumbani kwao, ikaonekana kama imekwisha.

Wiki iliyofuata wakaenda Anfield kwa Liverpool wakashinda 2-1 kwa goli la dakika ya 89. Halafu wakaifunga Bournemouth 4-3 baada ya kuwa nyuma 3-1. Mechi mbili hizo ndo zilimwokoa. Novemba 12 wakafungwa 4-3 na Tottenham, ligi ikasimama kupisha Kombe la Dunia la Qatar, wiki sita nzima hakuna mechi ya ligi.

Ligi iliporudi mwisho wa Desemba wakacheza mechi sita bila ushindi, sare tatu na vipigo vitatu. Wakati huo huo, na hapa naomba usome taratibu, dirisha la Januari likafunguliwa na klabu ikaingia sokoni kwa nguvu: beki kutoka Salzburg aliyewahi kufundishwa na Kocha A, straika kijana kutoka Ujerumani kwa dau la rekodi ya klabu lililoripotiwa kufika kama pauni milioni 35, na kiungo wa mkopo kutoka Juventus mwenye mapafu ya kukimbia dakika tisini. Mwisho wa mwezi wakamletea hadi msaidizi mpya kwenye benchi la ufundi, mtu wa shule hiyo hiyo ya mpira. Dirisha likafungwa Januari 31.

Februari 5 wakafungwa 1-0 na Nottingham Forest. Februari 6 Kocha A akatimuliwa.

Siku sita.

Walikuwa nafasi ya 17 na pointi 18 katika mechi 20, juu ya mstari wa kushuka (zinashuka timu tatu za mwisho) kwa tofauti ya magoli tu. Hakukuwa na mrithi mezani. Klabu ikaanza kutafuta kocha katikati ya msimu kwa makocha wenye kazi zao, majina matatu yakatajwa sana kwenye vyombo vya habari, mmoja yuko Hispania, mmoja Uholanzi, mmoja Championship, ligi ya daraja la pili, na wote watatu wakabaki walipo. Na yule wa Uholanzi miaka miwili baadaye kabeba ubingwa wa EPL na Liverpool, kwa hiyo huwezi kusema walikuwa hawajui kuchagua, jicho lilikuwepo, walichelewa tu kupiga simu.

Timu akapewa Kocha B, mwalimu wa vijana chini ya miaka 21. Mechi yake ya kwanza Old Trafford kwa Manchester United, wakatangulia 2-0, wakarudishwa, sare 2-2. Siku nne baadaye wakakutana na United tena nyumbani wakala 2-0. Februari 18 wakaenda kwa Everton, ambao nao walikuwa wanapigania roho yao na walishampata Sean Dyche tangu mwisho wa Januari. Everton 1, Klabu 0. Yaani wenzao wamekuja na kocha mwenye wiki tatu za mazoezi, wao wamekuja na mwalimu wa watoto aliyeambiwa shika hapa kidogo. Pointi tatu za siku ile ukizitoa kwa mmoja na kumpa mwingine jedwali la mwisho linageuka.

Kocha C akatambulishwa Februari 21. Mtu mtulivu, EPL anaijua, aliwahi kuifikisha timu ya kawaida tu fainali ya FA Cup. Akaanza kwa kuifunga Southampton 1-0, akaja kuipiga Wolves 4-2 ugenini, akaifunga Forest 2-1. Anapenda timu ikae kwa nafasi, mabawa yafanye kazi, mistari iwe karibu. Shida ni kwamba kikosi alichokikuta kilinunuliwa kwa ajili ya vurugu za katikati. Mwezi Machi kiungo mkabaji aliyekuwa anaziba mashimo yote akaumia msuli wa nyuma ya paja, msimu wake ukaishia hapo.

Aprili ndo balaa. Arsenal 4-1. Forest wakaifunga 2-1. Crystal Palace wakaja, Klabu ikatangulia 1-0, goli la kusawazisha likaingia dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza na kipindi cha pili timu ikafunguka kama mlango usio na komeo, wakapigwa mkono, 5-1, tena nyumbani. Wiki moja baadaye Liverpool 6-1, nyumbani pia. Fulham 2-1, Leicester sare 1-1, Bournemouth 4-1. Magoli 23 ndani ya mwezi mmoja, hakuna timu iliyowahi kuruhusu mengi hivyo kwa mwezi katika historia ya EPL, na kumbuka Mzee alifukuzwa kwa magoli 20.

Mei 2 mkurugenzi wa michezo akaondoka. Mei 3 Kocha C naye nje. Na timu ilikuwa wapi? Nafasi ya 17, juu ya mstari kwa tofauti ya magoli, pale pale walipokuwa siku wanamfukuza A.

Zimebaki mechi nne. Akaletwa Kocha D, mkongwe wa miaka 68, bingwa wa kuokoa timu zinazozama, ingawa kazi yake ya mwisho kabla ya hapo alishuka na West Brom 2021. Iliripotiwa analipwa pauni laki tano kwa mechi hizo nne na bonasi ya milioni mbili na nusu akiwabakisha. Siku ya kwanza mbele ya waandishi akajipandisha ngazi moja na Guardiola, Klopp na Arteta, mitandao ikacheka wiki nzima. Akamuweka benchi kipa namba moja, akapanga beki nyingi. Manchester City 2-1. Newcastle sare 2-2, mechi ambayo walikuwa wanaongoza 1-0 wakakosa penati ya kufanya 2-0. West Ham 3-1. Siku ya mwisho Tottenham 4-1 nyumbani, goli la kwanza limeingia dakika ya pili, watu hata hawajakaa.

Maamuzi na sababu zake

Tuwe wa haki, kila uamuzi ukiuangalia peke yake una sababu. Kumbakisha A Oktoba: alikuwa ametoka kuwanusuru miezi mitano nyuma, na kumfukuza kungemaanisha kukiri kwamba usajili wote wa kiangazi ulikuwa wa mtu mmoja. Kumnunulia Januari: kama unaamini tatizo ni kikosi basi ongeza kikosi. Kumfukuza Februari: pointi hazionekani na uwanja umechafuka. Kumchukua C: wote waliokuwa wanatakiwa wamekosekana, huyu yuko huru na ana uzoefu. Kumleta D: magoli 23, mtu yeyote angeingiwa na kiwewe.

Ila ukiziweka pamoja haziongei. Aliyenunua Januari na aliyefukuza Februari ni ofisi moja. Ni sawa na kumnunulia seremala mbao za kabati zima, halafu wiki inayofuata unamfukuza unamleta mwashi umwambie jenga.

Mwisho wake

Pointi 31, ushindi 7, sare 10, vipigo 21, magoli ya kufungwa 78. Nafasi ya 19. Everton wakabaki na pointi 36, Leicester wakashuka na 34, Southampton mkiani na 25.

Kushuka kukafungua mlango wa pili wa hasara. Mikataba mingi ilikuwa na kipengele kinachomruhusu mchezaji kuondoka kwa mkopo timu ikishuka, kwa hiyo kiangazi cha 2023 wachezaji wakatawanyika, Ujerumani, Italia, Hispania, mwingine Everton pale pale, na kwa hao wa mkopo klabu haikupata hela ya maana ya mauzo. Umiliki ukahamia kwa wale wawekezaji, kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 170, chini sana ya ile iliyokuwa inazungumzwa kama timu ingebaki. Wakakaa Championship misimu miwili, wa kwanza wakafungwa fainali ya mchujo wa kupanda na Southampton.

Kilichofeli na kilichofanya kazi

Tuanze na hesabu ndogo maana watu huwa wanabishana nani alikuwa mbovu. A alikusanya pointi 18 kwa mechi 20. B pointi 1 kwa mechi 3. C pointi 11 kwa mechi 11. D pointi 1 kwa mechi 4. Kwa wastani, aliyefukuzwa na aibu ya Aprili ndiye mwenye rekodi nzuri kuliko wote wanne, pointi moja kila mechi, kasi ambayo ukiitembeza msimu mzima unapata 38 na unabaki. Sisemi angewabakisha, maana hata angepata pointi nne kwenye mechi nne za mwisho wangefika 34 na wangeshuka tu. Ninachosema ni kwamba kumbadilisha Mei hakukuwa na faida ya kimahesabu yoyote, ilikuwa ni kutaka ionekane kuna kitu kimefanyika. Na ratiba ya D ilikuwa City, Newcastle waliomaliza nne bora, West Ham na Spurs (Tottenham). Kocha mwenye siku tatu za mazoezi kabla ya kwenda Etihad kwa City anafundisha nini, jamani?

Watu wengi wanasema funzo ni usibadilishe kocha. Siyo kweli, na msimu ule ule unakataa. Bournemouth walimfukuza Scott Parker Agosti 30 baada ya kula tisa Anfield, Gary O'Neil akashika, wakamaliza wa 15. Wolves walimfukuza Bruno Lage mwanzoni mwa Oktoba, wakampata Julen Lopetegui, akatumia mapumziko ya Qatar kufanya kazi na kikosi kisha Januari akasajili, walikuwa mkiani Krismasi wakamaliza wa 13. Aston Villa ndo darasa kabisa, walimtimua Steven Gerrard Oktoba 20 na siku nne tu baadaye wametangaza Unai Emery, wamelipa Villarreal fidia ya kuvunja mkataba, wamemaliza wa 7 na kwenda Ulaya.

Sasa angalia kalenda. Klabu yetu ilikuwa kwenye mechi nane bila ushindi Oktoba hiyo hiyo. Mapumziko ya wiki sita yalikuwa mbele yake, yakifuatiwa na dirisha. Msimu wa EPL wenye zawadi kama ile kwa timu inayotaka kubadili kocha ni nadra sana. Anfield ikawapa matumaini, wakaiacha ipite. Ushindi ule nadhani uliwagharimu kuliko vipigo vyote, kwa sababu uliahirisha mazungumzo ambayo yalipaswa kufanyika watu wakiwa Qatar.

Kuna mfano unaonipinga na sitaki kuuficha. Crystal Palace walimfukuza Patrick Vieira Machi 17, wamechelewa kuliko wote hawa, dirisha limefungwa zamani, wakamrudisha Roy Hodgson mwenye miaka 75 na wakamaliza wa 11. Na Everton nao walibadili mwisho wa Januari na hawakusajili mtu. Tofauti iko wapi? Hodgson aliikuta timu ambayo wengi aliwafundisha mwenyewe misimu miwili nyuma, hakuhitaji kutambulishwa kwa mtu. Dyche alianza kazi wiki moja baada ya mtangulizi wake kuondoka, wala hakuna mechi ya ligi iliyopita katikati, na kikosi chake kilikuwa na mabeki warefu na watu wa krosi, vitu anavyovipenda. Kwa hiyo tarehe peke yake haiui timu. Kinachoua ni kufukuza bila jina mfukoni, halafu jina likipatikana liwe la mtu ambaye kikosi hakimfai. Klabu yetu ilifanya yote mawili, na pengo la kusubiri likaliwa na mechi tatu zilizozaa pointi moja, ikiwemo ile ya Everton.

Kuhusu kocha wa muda, hapo pana watu wanamlaumu kijana wa watu bure. Sare ya Old Trafford ilikuwa nzuri, ila ilimponza, maana uongozi ukaona hakuna haraka na akaachiwa mechi mbili zaidi huku simu zikiendelea kupigwa.

Na mkurugenzi wa michezo? Lawama nyingi zilimwangukia na kweli usajili ule aliusimamia yeye. Ila sioni kosa lake kubwa likiwa kuchagua wachezaji. Straika wa rekodi hakufunga goli hata moja la ligi msimu ule na akaitwa kila jina, lakini mwaka mmoja baadaye alikuwa mhimili wa timu Championship na Agosti 2024 akauzwa Brighton kwa pauni milioni 40. Kiungo mshambuliaji aliyetoka Salzburg, ambaye 2022/23 alionekana mwepesi kama karatasi, alirudi kutoka mkopo akacheza karibu kila mechi msimu wa 2024/25. Winga kijana wa Kiitaliano aliyenunuliwa siku za mwisho za dirisha la kiangazi, naye yumo. Kocha aliyekuja baada ya kushuka alishakuwa nao tangu maandalizi ya msimu, hakuna aliyeguswa benchi la ufundi kutoka Agosti mpaka Mei, na wakabeba ubingwa wa Championship kwa pointi 100.